Kisiponyoke Mkononi: Historia ya Kuburuta kwenye Skrini

Mwaka 1962, ndani ya Maabara ya Lincoln mjini Lexington, Massachusetts, mwanafunzi wa uzamivu wa MIT aitwaye Ivan Sutherland alikuwa akichora kwenye kompyuta ya TX-2. Mashine ilijaza chumba, ila kioo cha kuchorea kilikuwa na upana wa inchi 7 tu. Mkono mmoja ulishika kalamu ya mwanga, mwingine ulikaa juu ya safu ya vitufe. Kalamu ile haikuwa na wino. Ilikuwa jicho lenye waya: iliona mwanga wa nukta zinazowaka kwenye kioo na kuiarifu mashine kwamba imeona. Basi pale ambapo kioo ni cheusi, kalamu haioni kitu, na mashine haijui mkono wa mchoraji uko wapi.

Dawa yake ilikuwa msalaba mdogo wa nukta. Mashine iliuchora chini ya ncha ya kalamu, ikatazama ni nukta zipi zimeonekana, ikakokotoa kitovu, ikausogeza msalaba hapo, ikaanza upya. Kalamu ilikwenda na msalaba ukaifuata, kama kifaranga nyuma ya mama yake. Ili kuuita msalaba kwa mara ya kwanza, mchoraji aligusa kwa kalamu mstari wowote uliokwisha kuchorwa. Kioo kikiwa kitupu, palikuwa na herufi INK, yaani wino, zikingoja kuguswa. Kisha alibonyeza kitufe, na mstari ukanyooka kutoka nukta aliyoanzia hadi kwenye kalamu, ukivutika kama mpira kila mkono ulipokwenda. Kitufe kingine kiliokota kipande cha mchoro na kukibandika kwenye kalamu, kikabebwa hadi mahali papya.

Msalaba huo ulikuwa na udhaifu. Mkono ukienda kasi kuliko mashine inavyoweza kukokotoa, kalamu ilitoka nje ya msalaba na mashine ikampoteza mchoraji. Sutherland hakuuficha udhaifu huo, aliupa kazi: aliyemaliza kuchora alipiga kalamu pembeni ghafla, msalaba ukapotea, na mashine ikaelewa kwamba mstari umekwisha. Tasnifu yake ya 1963 kuhusu programu hiyo, Sketchpad, ni chemchemi ya mengi tunayoyafanya leo tunaposhika picha kwenye skrini. Na swali aliloligusa kwa msalaba wake limewasumbua waandishi wa programu kwa miaka zaidi ya hamsini baada yake. Mkono ukishashika kitu, mashine itahakikishaje kwamba hakiponyoki?

Swali linaonekana dogo kwa sababu sisi tunaoburuta tunahisi tendo moja. Tunashika, tunavuta, tunaachia, kama mtu anayesogeza kiti sebuleni. Kompyuta haina habari na tendo hilo. Inachopata ni vipande vya habari vilivyoachana: kitufe kimebonyezwa hapa, kishale kimesogea, sasa kiko pale, kimesogea tena, kitufe kimeachiwa. Watu wa programu huviita matukio. Kuburuta hakumo katika orodha hiyo. Kunasukwa na programu kutokana na matukio hayo, upya kila sehemu ndogo ya sekunde, kwa kasi ambayo jicho halitaona mshono. Likipotea tukio moja tu la kuachia, kitu kinaendelea kumganda mtu kwenye kishale hata baada ya kuondoa kidole, naye hajui afanye nini ili kimwachie.

Kipanya chenyewe kilizaliwa upande wa pili wa Marekani. Katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Menlo Park, California, Douglas Engelbart alikuwa na wazo, na mhandisi Bill English akalitengeneza mwaka 1964. Kilikuwa kipande cha mbao kilichochongwa kitoshe kiganjani, kitufe kimoja juu, na chini magurudumu mawili yaliyokaa kwa pembemraba: moja lilihesabu mwendo wa kulia na kushoto, jingine wa mbele na nyuma. Waya ulitoka kama mkia, jina likashika. Walikipima dhidi ya kalamu ya mwanga na vifaa vingine, kimojawapo kikiendeshwa kwa goti, na kipanya kikashinda. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Engelbart aliketi mbele ya ukumbi uliojaa wataalamu na kwa dakika 90 akaonyesha maandishi, orodha na viungo vikiendeshwa kwa kifaa ambacho wengi wao walikuwa hawajakiona. Hataza ilitolewa tarehe 17 Novemba 1970.

Kipanya kiliondoa nusu ya tatizo la Sutherland. Hakitazami kioo, kinahesabu mwendo wake mezani, na kishale kinachorwa na mashine yenyewe. Kwa hiyo mashine daima inajua kishale kiko wapi, mkono uende kasi namna gani. Kilichoanza kupotea kuanzia hapo hakikuwa mahali ulipo mkono. Kilikuwa umiliki: matukio ya mkono huu yapelekwe kwa nani?

Maabara ya Xerox PARC ilijenga kompyuta ya Alto mwaka 1973, yenye kipanya cha vitufe vitatu, na humo ndimo madirisha yanayopandana yalimokomaa. Ila aliyeifanya dunia nzima iburute ni Apple. Macintosh ilitoka tarehe 24 Januari 1984 ikiwa na kipanya cha kitufe kimoja, na kitufe kimoja hakina maneno mengi. Ndiyo maana kuburuta kulitwishwa mzigo mkubwa: kufungua menyu ulibonyeza na kushikilia hadi chaguo lako, kuchagua maandishi uliburuta juu yake, kuhamisha faili uliburuta picha yake, kulifuta uliliburuta hadi kwenye pipa la taka. Katika MacPaint, programu ya kuchora ya Bill Atkinson, penseli, brashi na kifutio vyote viliishi kwa kuburuta.

Ndani ya Macintosh ile kulikuwa na jambo ambalo kwangu ni la kuvutia kuliko sura yake ya nje. Mfumo ulitoa tukio la kubonyeza na tukio la kuachia, lakini haukutoa tukio la kusogea. Programu iliyoambiwa kwamba kitufe kimebonyezwa iliingia kwenye kitanzi kidogo na kuzunguka humo ikiuliza maswali mawili: je, kitufe bado kiko chini? Kishale kiko wapi? Ikachora, ikauliza tena. Muda wote huo hakuna kingine kilichofanyika kwenye mashine. Ulikuwa uchoyo mtupu, lakini kwa sababu mwenye kushika alikuwa mmoja na hakumpisha mtu, hakuna kilichoponyoka. Prosesa ya 8 MHz haikuweza kuchora upya dirisha zima kila liliposogea, basi lililoburutwa lilikuwa fremu tupu ya mistari hafifu, na dirisha lenyewe likaruka hadi mahali pake kidole kilipoachia.

Programu nyingi zilipoanza kuishi pamoja kwenye skrini moja, uchoyo huo haukuwezekana tena. Huko MIT, mfumo wa madirisha wa X ulianza mwaka 1984, na toleo lake la 11 likatoka 1987 likiwa na kanuni iliyo wazi: dirisha lililopokea kubonyezwa kwa kitufe ndilo litakalopokea matukio yote ya kipanya hadi kitufe kiachiwe, hata kishale kikitoka nje ya mipaka yake na kupita juu ya madirisha ya watu wengine. Katika Windows ya Microsoft programu iliomba haki hiyo kwa amri maalumu. Naomba msomaji auweke mwaka huo wa 1987 akilini. Watu wa mifumo ya mezani walikuwa wamekwisha kulijibu swali la umiliki, na jibu lao lilikuwa zuri. Kisha ukaja wavuti, ukaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kujibu.

Ulikuwa na sababu. Tim Berners-Lee alipoandika kivinjari chake cha kwanza huko CERN mwaka 1990, alitaka hati ziunganishwe, na kwenye hati kinachohitajika ni kubofya kiungo. Kurasa zilikuwa za kusomwa. Kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993 kiliingiza picha ndani ya ukurasa, na picha iliweza kubofywa: kivinjari kilipima ni pikseli ya ngapi kutoka kushoto na ya ngapi kutoka juu, kikatuma namba hizo mbili kwa seva, na seva ikaamua la kufanya. Juni ya mwaka huohuo Steve Putz wa Xerox PARC akaitumia njia hiyo kuweka ramani ya dunia kwenye wavuti. Ulibofya mahali, ombi likasafiri hadi California, ramani mpya ikachorwa na kurudi kama picha. Ilikuwa kazi ya ajabu kwa wakati wake. Lakini mkono ulikuwa na haki ya kugusa mara moja na kungoja, basi. Huwezi kuburuta kitu ambacho kila kukigusa kunahitaji safari ya kwenda na kurudi kwenye seva.

Ili mkono ufike kwenye picha, ilibidi programu iishi ndani ya ukurasa. Mei 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku 10, lugha iliyoingia katika kivinjari cha Netscape 2. Mwanzoni ilijua kubofya na kupita juu ya kiungo, na kwa muda tovuti zilijaa vitufe vinavyobadilika rangi kishale kikipita. Mwaka 1997 ndipo matukio matatu ya kuburuta, yaani kubonyeza, kusogea na kuachia, yalipofika katika Netscape 4 na Internet Explorer 4 ya Microsoft. Yalifika yakiwa yamegawanyika.

Mgawanyiko huo unastahili kuelezwa polepole, maana athari zake zimo katika kila ukurasa tunaoufungua leo. Ukurasa ni mti wa ukoo. Duara limo ndani ya kundi la maumbo, kundi limo ndani ya mchoro, mchoro umo ndani ya ukurasa. Kidole kikibonyeza juu ya duara, kwa kweli kimebonyeza juu ya wote wanne. Nani aambiwe kwanza? Netscape walisema aanze mkubwa: habari ishuke kutoka juu, kama barua ya posa ambayo lazima ipite kwa wazee kabla ya kumfikia kijana, na mkubwa akitaka anaweza kuizuia. Microsoft walisema kinyume: habari ianze kwa aliyeguswa, kisha ipande kwa baba, kwa babu, hadi juu kabisa, kama povu ndani ya maji. Mwandishi wa ukurasa aliyetaka kazi yake ionekane kote ilimbidi aandike mara mbili. Tarehe 13 Novemba 2000 W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilitoa kanuni iliyowakubalia wote: habari inashuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa aliyeguswa, halafu inapanda kurudi, na kila mwanaukoo anachagua aisikie ikiwa inashuka au ikiwa inapanda. Ni suluhu ya kistaarabu, naiheshimu sana. Internet Explorer yenyewe haikuifuata hadi toleo la 9, mwaka 2011.

Kitu kimoja kilianguka njiani. Internet Explorer 5 ya mwaka 1999 ilikuwa na amri ya setCapture, ndugu wa ile ya Windows: kitu kilichobonyezwa kinasema, kuanzia sasa matukio ya kipanya ni yangu hadi nitakapoyaachia. Kanuni ya mwaka 2000 haikuwa na amri ya namna hiyo. Tukio la kusogea lilipelekwa kwa chochote kilichokuwa chini ya kishale wakati huo, pasipo kujali nani alishikwa mwanzoni.

Matokeo yake yanamkuta kila anayejifunza. Yalinikuta nami. Unachora duara lenye nusu kipenyo cha pikseli 10, unaliambia: ukibonyezwa, shikika, kishale kikisogea juu yako, kifuate, ukiachiwa, simama. Unalijaribu taratibu, linafuata vizuri, moyo unafurahi. Unauvuta mkono kwa kasi ya kawaida ya binadamu, na duara linabaki nyuma likiwa limesimama peke yake. Sababu ni kwamba kipanya hakitoi habari mfululizo. Kati ya tukio moja na linalofuata kishale kimeruka pikseli 40, kimetua nje ya duara, na habari ya kusogea imepelekwa kwa karatasi nyeupe iliyo chini yake, ambayo haikuwa na shida nayo. Ni msalaba wa Sutherland uleule, umepotea tena, baada ya karibu miaka 40.

Waandishi wa programu walijitibu wenyewe. Duara lisikilize kubonyezwa tu. Likishabonyezwa, kazi ya kusikiliza kusogea na kuachia ipewe mzizi wa ukurasa wote, ambao kishale hakiwezi kuutoka. Kitufe kikiachiwa, wasikilizaji hao waondolewe. Mbinu hii ilienea kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kwa miaka mingi kila maktaba ya michoro ilikuwa nayo tumboni. Ilivuja penye ukingo wa dirisha: mtu alivuta kitu hadi nje ya kivinjari, akaachia huko, kivinjari kikakosa habari ya kuachia, na aliporudi kitu kikamganda. Vivinjari baadaye viliziba ufa huo kwa kuendelea kupeleka habari kwenye mzizi muda wote kitufe kikiwa chini.

Wakati huohuo michoro yenyewe ilikuwa ikipata lugha. Mwaka 1998 makampuni yalipeleka W3C mapendekezo yaliyoshindana, Microsoft na wenzake wakiwa na lao, Adobe, Netscape, Sun na IBM wakiwa na jingine, na tarehe 4 Septemba 2001 SVG ikatoka rasmi. Katika SVG picha si bonge moja la rangi. Kila mstari, kila duara, kila poligoni ni kiumbe ndani ya mti wa ukurasa, chenye masikio yake ya matukio. Hata sehemu ya kugusika inaweza kuamuliwa: umbo lisikie likiguswa kwenye mstari wake wa pembeni tu, au tumboni tu, au lisisikie kabisa na kuacha mguso umpitie hadi aliye chini yake.

Hapa ndipo hesabu ilipoingia, na wengi waliotaka kuburuta walikwama hapa. Kipanya kinahesabu kwa pikseli za skrini. Mchoro wa SVG una kipimo chake wenyewe. Mchoro wenye upana wa vipimo 1000 ukionyeshwa kwenye pikseli 400, mkono ukisogea pikseli 40 umbo lapaswa kusogea vipimo 100. Ukilipa 40, litachechemea nyuma ya kishale. Na kama kundi lililobeba umbo limezungushwa au limekuzwa, kanuni ya kubadilisha ni matriki nzima, nayo inabidi igeuzwe ili kutoka skrini kurudi ndani ya mchoro. Majira ya nukta tuliyofundishwa shuleni kwa karatasi ya miraba, yale ambayo wengi waliuliza yatawasaidia nini, ndiyo haya. Kisha kuna kosa dogo linaloudhi macho: umeshika umbo pembeni, na mara tu unapoanza kuvuta linaruka ili kitovu chake kikae chini ya kishale. Anayejua kazi yake hupima tofauti kati ya kishale na kitovu wakati wa kubonyeza, akaitunza tofauti hiyo hadi mwisho. Umbo linabaki limeshikwa pale liliposhikwa. Mtumiaji hatalisifu hilo kamwe, kwa kuwa hatalitambua, na hiyo ndiyo kazi nzuri.

Apple ilileta njia nyingine mwaka 2004, Canvas, ambayo ni uwanja wa pikseli usio na kumbukumbu. Ukichora duara humo, linabaki rangi tu. Hakuna duara la kuuliza kama limeguswa. Programu lazima itunze orodha yake na kuuliza kwa hesabu ni umbo gani limezunguka nukta iliyobonyezwa. Ipo mbinu moja ninayoipenda sana. Unachora picha ya pili isiyoonekana, maumbo yaleyale mahali palepale, ila kila moja kwa rangi yake ya pekee. Mtu akibonyeza, unasoma rangi ya pikseli iliyo chini ya kishale kwenye picha ile ya siri, na rangi inakutajia mwenyewe. Rangi zipo zaidi ya milioni 16, hazikwishi.

Lakini kilichowafanya watu wa kawaida waamini kwamba ukurasa unashikika ni ramani. Hadi mwanzoni mwa 2005 ramani nyingi za wavuti ziliendeshwa kwa mishale pembeni: bofya kaskazini, ngoja, ukurasa mzima ujengwe upya. Ndugu wawili wa Denmark, Lars na Jens Rasmussen, pamoja na Noel Gordon na Stephen Ma, walikuwa wameanzisha kampuni ndogo mjini Sydney, Australia, na Google ikainunua mwaka 2004. Tarehe 8 Februari 2005 Google Maps ikafunguliwa. Ramani ilikatwa vigae vya mraba. Mkono ulipoburuta, vigae vyote vilisogezwa pamoja, na vile vya ukingoni viliagizwa kabla havijaonekana. Hakikuhitajika kifaa kipya chochote kwenye kompyuta ya mtumiaji. Kubonyeza, kusogea, kuachia, matukio yaliyokuwapo tangu 1997, yalipangwa kwa ustadi hadi watu wakasahau kwamba wanatazama ukurasa.

Kwetu Afrika Mashariki athari ilikuja haraka. Januari 2008, katika siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, jukwaa la Ushahidi lilianzishwa, na taarifa za wananchi zikawekwa kwenye ramani ya aina hiyo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani za umma ulikuwa doa tupu. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazofurika maji walichora mifereji, njia na nyumba katika mradi wa Ramani Huria. Kazi hizo ziliingia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, na tangu 2013 yeyote anayetaka kurekebisha ramani hiyo ndani ya kivinjari hukutana na kihariri kiitwacho iD. Kimejengwa kwa SVG na kwa D3, maktaba ya JavaScript ya mwaka 2011 iliyotoka kwa Mike Bostock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford. Chini kuna vigae vya picha za angani; juu yake kuna mistari na nukta za SVG, na kila kona ya nyumba inashikika. Mtu anavuta kona hadi ilingane na bati analoliona kwenye picha.

Hapo ndipo kuburuta kunapokuwa na uzito. Mkono wa binadamu hautulii kabisa; katika kubofya kwa kawaida kipanya hutikisika pikseli moja au mbili. Programu isiyojihadhari itaita mtikisiko huo kuburuta, na kona ya nyumba ya mtu huko Tandale, Dar es Salaam, itahama kimyakimya kwa aliyetaka kusoma jina tu. Ndiyo sababu waandishi makini huweka kizingiti: mkono usafiri kwanza pikseli kadhaa, ndipo programu ikubali kwamba umedhamiria.

Njia rasmi ya kuburuta na kudondosha iliyomo katika HTML, lugha ya kurasa za wavuti, nitaipitia upesi. Ilitoka Internet Explorer 5 na baadaye ikaandikwa ndani ya HTML5. Inafaa kwa kuhamisha faili au maandishi kutoka programu moja hadi nyingine, na haikuundwa kwa ajili ya maumbo ya SVG.

Kisha kipanya kikaondoka mezani. Juni 2007 iPhone ilitoka, na kidole hakina kishale: hakiwezi kuelea juu ya kitu bila kukigusa, na vidole vinaweza kuwa viwili au vitano kwa pamoja. Apple iliunda familia mpya ya matukio ya mguso, na ndani yake kulikuwa na uamuzi ambao historia hii ilikuwa ikiusubiri: matukio yote ya kidole kimoja ni ya kitu kilichoguswa mwanzoni, popote kidole kiendapo, hadi kiinuke. Kanuni ya X ya mwaka 1987 imerudi kwa mlango wa nyuma. Ila sasa ukurasa wenyewe pia ulikitaka kidole, maana kwenye simu kusogeza ukurasa nako ni kuburuta. Mtu anavuta duara kwenda juu. Je, anahamisha duara au anasoma chini? Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi lililoponyoka lilikuwa duara.

Kwa miaka kadhaa kila mchoro uliandikwa mara mbili, mara moja kwa kipanya na mara moja kwa kidole. Microsoft, katika Internet Explorer 10 ya mwaka 2012, ilipendekeza familia moja ya matukio kwa kipanya, kidole na kalamu, nayo ikawa kanuni ya W3C Februari 2015. Chrome ilijiunga mwishoni mwa 2016, Firefox 2018, Safari 2019. Katika kanuni hiyo mna mambo matatu yaliyokuwa yakihitajika. Mchoro unaweza kutangaza mapema kwamba kidole kikianzia kwangu, ukurasa usikinyang'anye. Ukurasa ukikichukua hata hivyo, mchoro unaarifiwa kwamba umenyang'anywa, usibaki ukingoja kuachiwa kusikokuja. Na kuna amri ya setPointerCapture, mstari mmoja tu, unaolipa duara haki ya kupokea kila kusogea hadi mwisho, mkono uende kasi namna gani. Mbinu ya mzizi wa ukurasa ilipata pumziko lake. Niliufuta msimbo wangu wa zamani siku moja, mistari mingi, nikaandika huo mmoja mahali pake, nikauvuta mkono kwa nguvu hadi nje ya dirisha na kurudi. Duara halikubaki nyuma.

Kuna watu ambao haya yote hayakuwahi kuwafaa. Mtu mwenye mikono inayotetemeka, au anayeongoza kishale kwa kichwa au kwa macho, anaweza kulenga na kubofya, lakini kushikilia kitufe huku akisogea ni zaidi ya uwezo wa mwili wake. Tarehe 5 Oktoba 2023 W3C ilitoa toleo la 2.2 la miongozo yake ya ufikivu, na kipengele cha 2.5.7 kinataka kila kinachofanyika kwa kuburuta kiweze kufanyika pia bila kuburuta, isipokuwa pale ambapo kuburuta ndiyo maana yenyewe ya jambo. Njia mojawapo ya kutimiza hilo kwenye mchoro ni hii: mtu anabofya umbo, kitufe kinaachiwa, umbo limeokotwa, anaongoza kishale hadi mahali papya bila kushikilia chochote, anabofya tena, umbo linatua.

Ndivyo Sketchpad ilivyofanya kazi. Sutherland aliponyosha kalamu kwenye kipande cha mchoro na kubonyeza kitufe cha kuhamisha, hakuhitaji kukandamiza kitu chini wakati wote wa safari. Kipande kilifuata kalamu, mkono ukiwa huru, hadi alipoipiga pembeni na msalaba ukamwacha.